Ada ya Hifadhi

Ujumbe umeingia saa nne kasorobo, ofisini,
nikiandika cheti cha mtoto wa watu:
Ndugu mteja, ada ya viinitete vitatu
inaisha tarehe thelathini.
Kulipia, bonyeza moja. Kumpa mwingine, mbili.
Kuharibu, tatu.
Kama mtu anayeangalia salio.

Mimi ndiye karani wa vizazi, Bombo, dirisha la pili.
Jina la mama, jina la baba, tarehe, uzito:
nusu ya Tanga imepita chini ya kalamu yangu.
Fomu haina safu yenu, ninyi watatu
msio na tarehe wala uzito,
mlioko Dar, ndani ya pipa linalofuka moshi wa baridi,
wadogo kuliko nukta hii.

Tuliwatafuta kwa pesa ya kiwanja cha Kange.
Sindano za usiku; umeme ukikatika
Shehoza alinishikia tochi, akihesabu kwa sauti
kama mtu apimaye mchele.
Mlikuwa watano. Wawili walipandwa.
"Hawakushika," alisema daktari,
kana kwamba ni habari ya miche.
Kisha lori la mkonge, kona ya Muheza,
na Shehoza akaingia katika daftari la chumba cha pili.
Lile siandiki mimi.

Shehe wa Barabara ya Kumi na Mbili hakunizungusha:
"Mauti yamekata ndoa, binti yangu.
Mbegu ile si ya mumeo tena."
Daktari naye hakunizungusha:
"Alisaini. Tumbo ni lako."
Wote wawili wana uhakika. Wote wawili hulala.

Jioni mama mkwe, Bi Mwanamkasi, kafika kutoka Pongwe
na fundo katika pindo la kanga:
ng'ombe mzima, kwa noti.
"Mwanangu hajaisha," anasema. "Bado yumo kwenye friji."
Sikutaka kucheka; nilicheka. Kisha tukalia.

Hajui habari ya vidonge.
Mdogo wangu Mwantumu alizaa wa tano mwezi wa Rajabu,
akanipakatisha: "Mlee. Wala usinishukuru."
Zamani ingetosha. Bibi yetu alilelewa hivyo hivyo
na hakuna aliyemdai karatasi.
Lakini mimi nazijua karatasi, najua zinavyofutwa.
Nilitaka kitu kisichoandikwa kwa wino.
Nikameza vidonge, nikakamua matiti makavu
kila baada ya saa tatu, majuma sita, nikilaani,
hadi likatoka tone moja, la manjano, kama lenye haya.
Mara tano za kushiba, ndivyo tulivyofundishwa chuoni.
Nilihesabu kwa sauti.
Ya tano alisinzia mdomo wazi,
nami nikawa mama wa mtu.

Basi vidonge vile na sindano zile zimepishana wapi?
Kote nimeuburura mwili kwa kamba.
Najiambia: huku niliuomba umpokee aliyekwisha kuja,
kule nauomba umlete ambaye hajaomba kuja.
Hoja nzuri. Nikiwakumbuka ninyi, inalegea.

Nikibonyeza mbili, pua ya Shehoza
itatembea Arusha na jina la baba mwingine,
na pengine karani kama mimi ataliandika bila kuinua macho.
Tatu: neno hilo nalitumia kwa fomu zilizokosewa.
Moja: mwaka mzima wa kutoamua,
kwa bei ya mabati ishirini.

Bi Mwanamkasi kamchukua mtoto, anamnusa utosini.
"Ananuka maziwa," anasema. "Ya nani?"
Fundo liko mezani, halijafunguliwa.
Namtazama, naitazama simu.
Imeandika: muda wako umekwisha,
tafadhali jaribu tena.